Shikamoo ya Mtoto Uliyemwacha

Mwanzoni mwa mwaka 2024 alinifuata baba mmoja wa Kibirizi hapa Kigoma, mvuvi wa dagaa, kuniomba ushauri. Mimi si wakili wala si afisa ustawi wa jamii. Naandika tu, na kwetu anayeandika hudhaniwa anajua. Alikuwa ametoka Kasulu kumwona binti yake. Walipoachana na mama wa mtoto, binti alikuwa na miaka 3. Alipomwona tena alikuwa na 12. Alirudi amefurahi kupita kiasi. "Mtoto ana adabu yule," aliniambia. "Kanipokea begi, kaniamkia shikamoo, kaninawisha mikono. Mama yake hakumharibu." Baada ya wiki mbili alipiga simu, binti akakataa kuongea naye. Akapiga tena, ikapokewa na bibi. Hapo baba akahitimisha kwamba kuna mtu amemjaza mtoto maneno.

Nilimwuliza swali ambalo halikumpendeza: binti huyo anamwamkia nani mwingine shikamoo? Akacheka. Kila mtu, bila shaka. Mwalimu wake, dereva wa bodaboda, mzee anayepita njiani na ng'ombe wake. Basi ulichopewa wewe, nikamwambia, ni kile anachopewa kila mtu mzima wa Kasulu.

Mzazi anayerudi baada ya talaka na miaka mingi ya kutoonana huichukua adabu ya mtoto akadhani amepokewa, kisha mtoto akinyamaza anaona amefanyiwa hila. Na sisi tunaomzunguka tunamsaidia kukosea, maana njia zetu za kupatanisha zimetengenezwa kwa ajili ya watu wazima. Kikao cha wazee kinaweza kumrudishia mtu heshima yake kwa mchana mmoja. Kumfanya ajulikane na mtoto ni kazi nyingine kabisa, na haina wazee wa kuisimamia.

Kigoma tuna uzoefu mrefu wa wanaume wanaoondoka. Reli ilifika hapa mwaka 1914, na enzi za Mwingereza Buha, nchi ya Waha, ilikuwa mojawapo ya sehemu zilizotoa manamba wengi, yaani vibarua wa mkataba: vijana walikwenda Tanga kukata mkonge, wengine wakarudi mkataba ulipoisha, wengine baada ya miaka mingi, wengine hawakurudi. Aliyerudi alipokewa. Alikuwa na mke nyumbani, shamba lilikuwa likilimwa kwa jina lake, na watoto walikuwa wakiambiwa kila jioni kwamba baba yuko Tanga, atakuja. Kulipikwa, wazee wakakaa, akaeleza alikokuwa, yakaisha. Nadhani, na hii ni dhana yangu tu, kwamba namna ile ya kumpokea manamba ndiyo tunayoitumia mpaka leo kwa baba aliyetaliki. Lakini hao ni watu wawili tofauti. Manamba aliacha kigoda chake nyumbani, kikabaki hakikaliwi. Aliyetaliki, kigoda chake kilishaondolewa, au kimekaliwa na mjomba, na baba wa kambo, na bibi. Watoto wake hawakuambiwa kila jioni kwamba atakuja. Waliambiwa mengine, au hawakuambiwa kitu, na kutoambiwa kitu ndiko kubaya zaidi.

Mtafiti wa Marekani, Pauline Boss, ambaye alifanya kazi na familia za wanajeshi waliopotea katika vita vya Vietnam, alieleza jinsi inavyoumiza kumpoteza mtu ambaye huna hakika kama umempoteza: huzuni inakosa mahali pa kuishia. Mimi ningeuita msiba usio na matanga. Baba akifa, majirani huja, turubai hufungwa, watu hulala msibani, na mtoto anaachwa alie. Baba akitaliki na kuhamia Mpanda hakuna anayekuja. Kesho yake mtoto anavaa sare anakwenda shule. Anamlilia mtu aliye hai, ambaye juzi tu kuna aliyemwona stesheni akinunua karanga.

Nalijua jambo hili kidogo. Wazazi wangu waliachana nikiwa darasa la pili, tukikaa Ujiji. Baba alihamia Tabora, akaoa. Mwanzoni kulikuwa na asali: kidumu cha lita 5 kilichokuja na treni, kimekabidhiwa mhudumu wa behewa, mjomba anakifuata stesheni. Kilikuja mara tatu. Mara ya nne mjomba alikwenda akarudi mikono mitupu, akasema labda treni ijayo. Sikuuliza tena, wala hakuna aliyenieleza. Hadi leo sili asali, na mke wangu anaamini ni tumbo.

Nilimfuata mwenyewe nikiwa na miaka 19. Alichosema siku ile nimekisahau. Ninachokumbuka ni jirani aliyepita uani akamsalimu "Baba Fulani", na huyo Fulani ni mdogo wangu wa mama mwingine ambaye sikuwa nimewahi kumtia machoni. Mimi ndiye kifungua mimba wake. Kwa desturi yetu, jina lile lilikuwa langu. Ujiji mama aliendelea kuitwa kwa jina langu miaka yote ile. Tabora, kwenye reli ileile, baba alikuwa ameanza kuhesabu watoto upya. Yeye hakuona kitu, kwake lilikuwa jina la mtaani tu. Akaita wazee wawili, tukala wali na kuku, mmoja akasema damu nzito kuliko maji, nami nikaambiwa nimwombe baba radhi kwa kukaa muda mrefu bila kumtafuta. Nikaomba. Kila aliyekuwepo aliondoka ameridhika, na mimi nikarudi Kigoma na treni ya usiku nikiwa na asali kwenye begi.

Hilo la radhi tulitazame vizuri, kwa sababu ndilo lenye nguvu kuliko yote. Tumekuzwa tukijua kwamba mtu asiye na radhi ya mzazi mambo yake hayanyooki, na hata mtu mwenye wajukuu hulihofia neno hilo. Mzazi aliyelea ana haki ya kulitaja. Likitajwa na mtu aliyepotea miaka kumi huwa fimbo. Mtoto ataogopa, atakuja, atakaa, ataitika "naam baba", na hofu hufanana sana na mapatano ukiitazama ukiwa umekaa kwenye kiti cha mzee. Waliosema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, walijua uzito uko wapi. Sisi tukikutana na baba aliyerudi tunaipindua methali, tunamlipa ujira wa mimba.

Kumwomba mtoto msamaha ndiko kunakotushinda. Wengi wakijaribu, wanaishia kusimulia kesi: mama yako alifanya hivi, wakwe walisema vile, mimi ningekaa lakini. Mtoto hakuja kusikiliza rufaa. Mara nyingi amebeba swali moja ambalo hatalitamka, kama ni yeye aliyesababisha, na anayejibiwa hilo kwa sentensi mbili fupi amepewa zaidi ya yule aliyesomewa mwenendo mzima wa shauri. "Nilikuacha. Wewe hukuwa na kosa." Sijamsikia baba yangu akisema hivyo, na sasa ana umri ambao sitamdai.

Kisha kuna hili la miaka saba. Nimelisikia Mwanga sokoni, nimelisikia Mwandiga, nimelisikia kwa watu wenye digrii: mtoto akifika miaka saba ni wa baba, sheria imesema. Haijasema. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 125, inaanza na dhana kwamba ni heri kwa mtoto wa chini ya miaka 7 kukaa na mama yake, isipokuwa pakithibitika vinginevyo. Haikusema kwamba siku akitimiza 7 aje mtu na gari. Kifungu hichohicho kinamtaka hakimu aangalie ubaya wa kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamishahamisha, tena azingatie matakwa ya mtoto mwenyewe akiwa amefikia umri wa kuwa na maoni yake. Baba anayengoja saba kama mtu anayengoja embe la jirani liive, amepoteza miaka ileile ambayo mtoto angeweza kumzoea bila taabu.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekwenda mbali zaidi, na nashangaa haitajwi vikaoni. Kifungu cha 26 kinasema mtoto ambaye wazazi wake wametengana au kutalikiana ana haki ya kumtembelea mzazi mwingine na kukaa naye kila anapotaka, ilimradi masomo yake hayaingiliwi. Tazama haki hiyo imewekwa mikononi mwa nani. Tumezoea kusikia "nimenyimwa mwanangu", na ni kweli mahakama inaweza kuamuru mzazi apewe nafasi ya kumwona mtoto. Lakini hapa neno ni anapotaka yeye, mtoto. Mzazi aliyerudi anafanya kazi ya kutakiwa. Pesa ya matunzo haimnunulii kutakwa huko, wala kutotakwa hakumfutii matunzo. Hayo mawili watu huyachanganya kila siku, baba akizuia pesa mpaka aonyeshwe mtoto, mama akizuia mtoto mpaka aonyeshwe pesa.

Kwa mabinti wa Kiislamu, na Ujiji ni wengi, kuna mlango mwingine unaomrudisha baba: ndoa. Nikahi inahitaji walii, yaani msimamizi anayemwozesha binti, na walii wa kwanza ni baba. Binti amelelewa na mama na mjomba, ada imelipwa kwa mawese na dagaa, siku posa inapoletwa anaulizwa baba yako yuko wapi. Zinaanza simu: shangazi wa Tabora, rafiki wa shangazi, mtu wa Urambo anayelima tumbaku jirani na huyo baba. Nimehudhuria ndoa ya namna hiyo. Baba aliletwa asubuhi, kanzu imepigwa pasi na jirani, akatoa mkono, akaozesha, picha zikapigwa. Mjomba aliyelea alikuwa nyuma ya nyumba anasimamia masufuria ya pilau. Sina ugomvi na hukumu ya dini, na masheikh wanajua uwalii unahamia kwa nani baba asipopatikana. Ugomvi wangu ni na yule aliyesimama baada ya dua akatangaza kwamba leo baba na mwana wamekutana tena. Walikuwa wametia saini karatasi moja.

Ila nisiwe mkali kuliko binti mwenyewe. Aliniambia baadaye kwamba siku ya tatu baba alimpigia kuuliza kama amefika salama Mwanza kwa mumewe. Kuhusu kuozeshwa hakuwa na la kusema. Alizungumzia simu ile, ambayo hakuna aliyemlazimisha baba kuipiga.

Nimesema baba, baba, kwa kuwa ndio wengi wanaoondoka. Wapo akina mama pia, na kesi yao ni nzito zaidi. Buha mtoto ni wa ukoo wa baba. Mama akiachika anarudi kwao, mtoto anabaki kwa bibi mzaa baba, na mume mpya wa mama hataki kusikia habari za mtoto wa mtu. Mwanamume akikaa miaka kumi husemwa alikuwa anatafuta maisha. Mwanamke akikaa miaka hiyohiyo husemwa alitupa watoto. Mtoto analijua neno hilo kabla ya kuujua uso wa mama yake. Namfahamu mama aliyekuwa akija kutoka Uvinza mara chache kwa mwaka, akijifanya amefuata mahitaji sokoni, ili apishane na mwanawe anayetumwa mkaa. Walisalimiana kama watu wa mtaa mmoja. Aliamini mtoto hajui. Miaka mingi baadaye, kijana ameshaoa, ndiye aliyempa mama hesabu: ulikuja mara 11.

Na yule anayelea je? Huyo ndiye mwenye ufunguo, na mara nyingi naye ni mwenye jeraha. Mtoto anayemsoma mama yake usoni hatampenda baba waziwazi, hata kama anatamani, maana kumpenda mmoja ataona ni kumsaliti mwingine. Haihitajiki hotuba. Bibi yangu wa Ujiji alinisaidia siku ile ya kwenda Tabora kwa kunifungia viazi vya njiani na kusema, "Nenda kamwone, ukirudi utanisimulia." Hakutaka nimchukie wala nimpende, alitaka hadithi. Nisingekuwa na sentensi ile nadhani ningeshukia Uvinza.

Wapo pia wasiostahili kurudi. Aliyekuwa akimpiga mama mbele ya watoto, au aliyemgusa mtoto vibaya, asitafutiwe kikao. Huyo habari zake ni za polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, na mtoto anayesema hataki kumwona asidaiwe maelezo.

Mimi na mzee wangu tunaongea kila Ijumaa baada ya swala. Tulianza nilipopata mtoto wa kwanza, na ni yeye aliyeanza, sijui kwa nini. Hatuongei mambo makubwa. Ananiuliza bei ya migebuka, namwuliza mvua za Tabora. Kwa miaka miwili ya kwanza nilikuwa nikitazama saa. Siku hizi akichelewa nusu saa nampigia mimi, na bado kabla ya kumwita baba kuna nukta moja ndogo ya kufikiri ambayo haijaondoka. Sitegemei iondoke.

Ndiyo maana yule mvuvi sikumshauri kikao. Nilimwambia aende mbalamwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa; mwezi ukijaa samaki hawafuati mwanga wa taa, mitumbwi inapumzika siku kadhaa, na wavuvi wengine hushona nyavu, wengine huimaliza pesa yote kwenye vilabu. Wewe siku hizo panda basi uende Kasulu, kila mwezi, usipitishe hata mmoja. Usimdai mtoto chochote. Kaa na bibi.

Mara ya kwanza binti aliamkia, akanawisha, akaingia ndani hakutoka. Baba alishinda na bibi uani, akamtengenezea mlango wa choo uliokuwa umeng'oka bawaba. Mara ya pili vivyo hivyo, bila mlango. Mara ya tatu binti alileta maji ya kunywa akasimama hapo, akauliza usiku mnawaonaje samaki. Baba akaeleza kuhusu taa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, mpaka bibi akasinzia.

Halafu katikati ya Mei Ziwa Tanganyika likafungwa, uvuvi ukasimamishwa. Ilikuwa hatua ya serikali kuwapa samaki nafasi ya kuzaliana, miezi mitatu, hadi katikati ya Agosti, na kwa mtu wa Kibirizi anayeishi kwa usiku mmoja mmoja ilikuwa pigo. Alinijia akasema safari za Kasulu atazisimamisha kwanza. "Nitaendaje mikono mitupu? Hata kilo moja ya dagaa sina." Tulibishana. Nilimwambia mtoto hajawahi kumwomba dagaa. Akasema mimi sijui aibu ya mwanamume anayeingia kwa mkwe aliyemwachia binti bila kubeba kitu, na hapo alikuwa sahihi, siijui. Alihangaika na nauli, akaipata baada ya siku tatu, akaenda.

Alipofika, binti alikuwa anafagia uwanja. Hakukuwa na begi la kupokea. Alisimama na ufagio wake, akamtazama, akasema, "Umechelewa. Mwezi ulijaa juzi."

Mvuvi alinisimulia hayo amekunja uso. "Hata shikamoo hakunipa," alisema, kisha akaniomba nimkopeshe nauli ya mwezi unaofuata.